Jiwe Walilomsimikia Mwenzangu

Mwenzangu alikuwa ameshakufa kwao kabla mimi sijakutana naye. Mimi sikujua, na yeye mwenyewe alikuwa hajui. Nilipofika kwenye ile nyumba ya Al Amerat nikitokea Tanga, na begi langu moja mkononi, nilimkuta jikoni anakoroga uji wa bibi, akanikaribisha kwa Kiswahili cha Unguja kitupu. Nikamwangalia uso, nikamwangalia nywele, nikashindwa kujua ni mtu wa wapi.

"Mie mtu wa Bukini," alisema.

Bukini ni Madagaska. Hivyo ndivyo Waunguja wa zamani walivyoiita, na bibi wa nyumba ile alikuwa Muunguja wa zamani kweli. Alikuja Oman akiwa mwanamwali, baada ya mapinduzi, akaolewa, akazaa, akazeeka, na bado hakuwa amekubali kwamba amehama. Mwenzangu alijifunza Kiswahili akiwa amekaa pembeni ya kitanda chake, kwa hiyo alizungumza kama ajuza wa Mji Mkongwe na umri wake haukufika hata miaka arobaini. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu, na nilipomkasirisha aliniita mtoto wa Mrima, tusi alilofundishwa na bibi huyo huyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Nasema hivyo mapema nisije nikaonekana nawasingizia watu. Hatukupigwa, hatukulala njaa, chumba chetu nyuma ya nyumba kilikuwa na kiyoyozi kilichofanya kazi. Tulichokosa ni mlango. Geti lilifunguliwa kwa kitufe kilichokaa kwenye gari la mama, yaani mwenye nyumba, binti yake bibi, na mama alikuwa mtu wa serikalini, anatoka alfajiri kuwahi foleni ya barabara ya mlimani ya kwendea mjini na kurudi alasiri. Safari yetu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka mlango mdogo wa uani hadi kwenye pipa kubwa la taka mwisho wa barabara. Kuanzia hapo unaona vilima vikavu na nyumba nyingine kama yetu, na wanawake wengine wenye mifuko myeusi. Watu hudhani mtu anayekaa Muscat anaishi na bahari. Mimi bahari niliijua kwa samaki waliotoka Sidab, kwa wavuvi, wakiwa kwenye ndoo, niwapare magamba. Pasi zetu za kusafiria zilikuwa kabatini kwa mama. Alisema ni kwa usalama, kana kwamba tungeweza kuzipika.

Mwenzangu alikuwa ameanzia nyumba nyingine, huko bara, mbali na Muscat. Huko walimnyang'anya simu siku ya kwanza na hakuiona tena mpaka mkataba ulipokwisha. Alipohamishiwa kwetu aliijaribu namba ya kaka yake, ile moja aliyoikumbuka kwa kichwa, haikupatikana. Aliishi hivyo hivyo, anapika, anaosha, anasema watamtafuta. Mimi ndiye niliyekosa uvumilivu. Nilikuwa na simu yenye mtandao, nikamwambia aniandikie jina la kaka yake, na tukiwa tumekaa juu ya ndoo pale uani tukampata, amepiga picha ameegemea teksi. Tukapiga.

Alipokea mwanamke. Mwenzangu alisema maneno machache tu kwa lugha yao, akicheka tayari. Upande wa pili ukatoka ukelele, simu ikaanguka, nikasikia inabingirika na mtu anakimbia.

"Wifi yangu," alisema. Alikuwa bado anatabasamu. "Kwa nini kakimbia?"

Kaka alipiga mwenyewe baada ya muda. Kwanza, kama mwenzangu alivyonieleza, alimhoji kama polisi. Alimuuliza ni nani aliyemvunja jino utotoni na kwa kitu gani, mbwa wao aliitwaje, baba alificha nini nyuma ya kabati. Mwenzangu alijibu yote, na mwisho kaka akalia kwa sauti, mwanaume mzima ndani ya teksi yake. Ndipo akamwambia. Kuna mwanamke wa kijiji cha jirani aliyerudi kutoka Oman na habari kwamba mtu wa kwao amefia huku na kuzikwa huku. Walipiga ile namba yake, kimya. Wakangoja mwaka mzima, wakangoja na mwingine. Kisha wakamwendea mtazamia nyota, akawachagulia siku, wakamsimikia jiwe.

Sikuelewa. Nikasema, basi si waling'oe? Jiwe ni jiwe.

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeuliza kwa nini asile mbele ya watu mchana wa Ramadhani. Kisha, siku ile na siku zilizofuata, tukikunja nguo na kuchambua mchele, akanieleza mambo ya kwao, na mimi nikiwa na mdomo wangu usiojua kunyamaza nikawa namkatiza kila mara.

Kwao, kwenye nyanda za juu, mtu haachwi kaburini. Ukoo una nyumba moja ya mawe, nusu yake imezama ardhini, na ndani mna vitanda vya mawe ambako kila mmoja ana mahali pake. Baada ya miaka, wakati wa kiangazi chao chenye baridi, hiyo nyumba hufunguliwa. Wafu hutolewa, huvalishwa sanda mpya ya hariri juu ya ile ya zamani, hubebwa mabegani kuzungushwa, huku tarumbeta na ngoma zinalia na watu wanacheza. Huwekwa mapajani mwa watoto wao. Huambiwa habari zote za nyumbani, nani kaoa, nani kazaa, na huombwa baraka. Ndiyo maana watu wa kwao huogopa kufia mbali kuliko wanavyoogopa kufa. Aliyefia mbali, mwili wake usipatikane, hana kitanda, hana sanda, hana wa kumwambia habari. Atazurura. Huyo husimikiwa jiwe ili apate pa kufikia, na jina lake hutajwa mbele ya mlango wa kaburi ili waliotangulia wampokee.

"Kwa hiyo kwenu wafu wanatoka kutembea," nilimwambia, "na sisi wazima hatutoki getini."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa na kicheko kizuri. Nakitaja kwa sababu baada ya mwezi ule sikukisikia tena.

Tatizo halikuwa jiwe. Tatizo lilikuwa kwamba jina lake lilikuwa limeshatajwa. Neno ulilowaambia mababu hulifuti kwa simu, alisema. Sharti aje mwenyewe, asimame uani kwa miguu yake, ng'ombe achinjwe, aweke mkono juu ya jiwe, na wazee wawaambie wa kaburini kwamba walikosea, huyu bado ni wetu. Mpaka hapo ni mwiko kuzungumza naye kama mtu aliye hai. Kaka yake wa mjini aliuvunja kwa siri. Mama yake hakutaka hata kuisogelea simu.

Nikasema apige ya picha, mama yake amwone uso. Walijaribu. Kaka alienda kijijini makusudi, akamshikia mama yao simu. Niliona mkono mmoja wenye mishipa ukifunika kioo, kisha giza. Kaka alieleza baadaye alichosema mama yake. Kwamba sauti ya mwanawe anaisikia kila siku, hiyo si ajabu. Picha yake anayo ukutani. Na kwamba mfu akiitikiwa hovyo hovyo hapati utulivu.

"Haamini?" niliuliza.

"Sijui," alisema mwenzangu. "Pengine anaamini. Lakini hawezi kunisemesha. Mimi mamangu yu hai na mimi ni hai, na hawezi kunisemesha."

Hasira iliyonishika siku hiyo sikujua niipeleke wapi. Nilisugua masufuria mpaka vidole vikaniuma. Baba yangu mimi alizikwa nikiwa huko huko Al Amerat, nikaonyeshwa udongo kwenye simu, nikalia chooni, nikatoka nikapika chakula cha jioni. Nilidhani sitakutana na mtu mwenye msiba wa mbali kuliko wangu. Sasa nilikuwa nalala chumba kimoja na mtu aliyefiwa na yeye mwenyewe.

Kaka akaleta habari nyingine. Kaburi lingefunguliwa kiangazi hicho hicho, kwa ajili ya baba yao, ambaye alikuwa hajatolewa tangu azikwe. Siku ilikuwa imeshachaguliwa, wageni wameshaalikwa. Mwenzangu akifika kabla ya hapo, jiwe litang'olewa na maneno yatafutwa. Asipofika, wajomba wameamua kumaliza kazi. Watachukua udongo wa chini ya jiwe na nguo zake za zamani, watavifunga ndani ya sanda, na kumlaza kitandani pake pamoja na wengine. Kaka alipinga, akaambiwa kaburi halifunguliwi kila mwaka, na mama yao amezeeka, hatapata nafasi nyingine ya kumvalisha mwanawe.

"Wakishanilaza mule," mwenzangu alisema, "basi."

Hakusema basi nini. Hakukuwa na haja. Miezi ilikuwepo ya kutosha. Kilichotakiwa ni pasi yake, ambayo ilikuwa kabatini, na ruhusa ya mama, ambaye alikuwa mtu mwema. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana mtu mbaya unajua pa kumshikia.

Mkataba wake wa nyumba hii nao ulikuwa umeshakwisha. Alimwendea mama sebuleni, akakaa chini kwenye zulia, akaomba aende kwao. Mama alimsikiliza vizuri sana. Akamshika bega.

"Habibti, haki yako. Wallahi haki yako. Lakini Ramadhani hii hapa. Sasa ukenda wewe, nani atamlisha mama? Ngoja n'tafute mtu kwanza, inshallah baada ya Idi."

Bibi alikuwa hainuki kitandani, na kwa muda mrefu hakuwa amekula kwa mkono wa mtu mwingine. Binti yake mwenyewe akimshikia kijiko alifunga mdomo. Mimi nilijaribu mara moja, akaonja, akautema uji kwenye kanga.

"Huu uji au gundi?" aliniuliza. "Nyie wa Mrima mnagandishia nini, barua?"

Baada ya Idi mama alitimiza ahadi, akaleta msichana wa Kiganda kutoka ofisi ya kuajiri wafanyakazi wa ndani. Msichana mpole, anayejua kazi. Bibi alimwangalia toka kichwani hadi miguuni, akageukia ukuta, akakaa hivyo na njaa yake mpaka mama alipoogopa. Walimrudisha yule msichana kabla hajafungua begi. Mama alirudi ameinua mikono juu, anasema, "Mmeona wenyewe, mnaniona n'navyohangaika," na alikuwa anahangaika kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Mwenzangu ndiye aliyembembeleza. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeuma ulimi.

Nikamwambia mwenzangu, "Dada, tatizo lako unamlisha vizuri mno. Haribu huo uji. Tia chumvi. Achukie, akukatae, utaenda zako."

Sikuwa natania. Na yeye alinisikiliza, maana kesho yake nilimwona ameshika kopo la chumvi juu ya sufuria. Alisimama hivyo kwa muda, akatia, akakoroga, akaonja. Kisha akaumwaga wote kwenye sinki, akaanza upya, akapasua iliki, akachuja tui la nazi kwa kitambaa.

"Unaogopa nini?" nilimfokea. "Atajuaje?"

"Mzee kama huyu kabakisha kidogo tu kuwa mmoja wao," alisema. "Mtu anayekaribia kule humfanyii hivyo. Wanaona."

"Wanaona! Hao hao waliokuzika ungali hai?"

"Hao hao."

Nilimwita mjinga. Alivumilia. Nilielewa baadaye, nilipotulia, kwamba imani ile ile iliyokuwa inamfungia nje kule ndiyo iliyokuwa inamfungia ndani huku, na yeye hakuona kosa lolote hapo. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta mahali pa kuivunjia. Na kila alivyomlisha bibi kwa heshima hiyo, ndivyo bibi alivyozidi kupata nguvu. Mashavu yalijaa. Daktari alikuja akasifu.

Akaamua kumwambia bibi mwenyewe. Nilikuwepo, nabadilisha mashuka. Alimweleza yote, jiwe, mama yake, kaburi, kwa kile Kiswahili chake alichokipata kwenye kitanda hicho hicho. Bibi alisikiliza macho yameelekea dari.

"Mie mamangu kazikwa Unguja," alisema mwishowe. "Nnajua kaburi lake liko wapi? Sijui. Pengine washajenga duka juu yake. Sijenda kumsomea hata Fatiha, tangu n'toke. Haya, nimekufa kwa hilo? Sijafa."

"Ndiyo, bibi."

"Ngoja n'fe, mwanangu. Sitokuweka sana. N'kishakufa, nenda zako kwa mamako na salama."

Halafu akamshika kifundo cha mkono. Mkono wenyewe mfupa na ngozi, lakini niliona jinsi alivyomkaza. Bibi alikuwa anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona anaogopa, maana kazi yake ilikuwa kutuchamba. Alimshikilia hivyo mpaka usingizi ukampitia, na mwenzangu hakujitoa, akakaa ameinama nusu, mgongo umepinda, mpaka nilipomletea kigoda.

Tangu hapo hakuomba tena. Alikuwa amewekewa tarehe ambayo hakuweza kuiombea ifike. Nikimkuta anamsikiliza bibi anavyopumua, nilijua hajui mwenyewe anasikiliza kwa ajili ya nini, na nilitoka nikamwacha. Niseme wazi, mimi nilijua ninachokitaka, na nilikitaka kila asubuhi nikifungua lile pazia, na kila asubuhi bibi aliniambia nimechelewa.

Wiki ya kufunguliwa kaburi nilikwenda mwenyewe kwa mama. Hakunituma mtu. Nilimfuata jikoni alipokuja kuchukua maji, na nilikuwa nimejiandaa kusema kwa adabu, nikasema vingine.

"Mama, kwao wanamzika Ijumaa."

"Astaghfirullah! Nani kafa?"

"Yeye."

Mama alicheka, halafu akaona sicheki. Nikamweleza. Alisikiliza glasi ikiwa mkononi, na nikaona uso wake unabadilika, na kwa muda mfupi nilidhani anakwenda kabatini.

"Maskini wa Mungu," alisema. "Lakini hayo shirki, mwambie asiyaamini. Mtu yu hai mashallah, mzima, anakula, anafanya kazi. Watamzika vipi?" Akanywa maji yake. "N'shasema na ofisi. Mwezi ujao inshallah, khalas, anakwenda."

Mwezi ujao. Nilibaki nimesimama na kitambaa cha vyombo begani. Ningeweza kupiga ukelele. Nilichofanya ni kuuliza Ijumaa tupike nini, maana ndugu zao wa Al Khoudh walikuwa wanakuja.

Ijumaa hiyo jua lilikuwa la kuchoma nyayo. Wageni walijaa sebuleni tangu swala, wakisikia harufu ya biriani yetu. Mimi nilikuwa kwenye wali, mwenzangu anachuja uji wa bibi. Kaka akapiga ya picha. Tukaiegemeza simu kwenye kopo la samli, tukazima maikrofoni ya upande wetu, maana mama alikuwa anaingia na kutoka kutuhimiza, na pia kaka ndivyo alivyosisitiza. Pale kuna wazee, alisema. Wasisikie kitu.

Niliona udongo mwekundu, watu wengi wenye kofia za ukili, wamevaa masweta, na mdomo mweusi wa mawe uliofunguliwa. Tarumbeta zilikuwa zinalia kwa furaha kabisa, muziki wa harusi. Baba yao alitolewa kwanza, mzigo mrefu ndani ya mkeka, na watu wakaupokea mabegani kwa shangwe. Mwenzangu alikuwa ameweka mikono mdomoni. Aliniambia, huyo ni baba, kama vile ananitambulisha.

Kisha wakaleta kifurushi kifupi cheupe. Hakikutoka kaburini, kilitoka upande wa shamba. Hakuniambia huyo ni nani.

Kaka alihitajika kubeba. Akaitia simu kwenye mfuko wa shati, kioo kikawa cheusi, zikabaki sauti tu. Vishindo vya miguu, ngoma, watu wanahema. Halafu ngoma zikakoma na nikasikia sauti ya mwanamke mzee, karibu sana, kana kwamba anasemea kwenye shati la kaka.

"Mama," alisema mwenzangu. "Kaniweka mapajani."

Mzee yule aliongea polepole, bila kulia, namna mtu anavyoongea na mgeni aliyekawia. Mwenzangu aliniambia maneno yake vipande vipande, kijiko cha uji kikiwa mkononi. Mpunga mwaka huu umekubali. Paa la jikoni limetengenezwa. Yule jirani mwenye domo amehama, sasa kuna amani. Binti wa mjomba ameolewa na mtu mfupi. Hapo mwenzangu alitaka kucheka. Unasikia baridi huko uliko? Nimekuchagulia hariri nzito. Siku uliyoondoka nilikukaripia mbele ya watu, nikaingia ndani nisikuone unavyopanda gari. Nimeibeba hiyo miaka yote. Leo nakuambia, unisikie, sikuwa na hasira, nilikuwa naogopa.

Mimi nilikuwa nalia ndani ya mvuke wa wali. Niliinyooshea simu mkono.

"Mjibu! Fungua maikrofoni, mwambie uko hai! Dada, mjibu!"

Alinidaka mkono. Sikujua ana nguvu hivyo.

"Mwache," alisema. "Mwache amalize. Kanisemesha."

Mama mwenye nyumba alichungulia mlangoni, akaita, "Jamani, watu wana njaa! Na mama uji wake vipi?" akaondoka bila kuingia. Nikakata moto. Sauti ya mzee iliendelea, imepungua sasa, na nyuma yake ngoma zimeanza tena kidogo kidogo, maana walikuwa wanangoja kumwingiza.

"Anasemaje?"

"Anasema baba yuko upande wangu wa kulia. Wa kushoto nimwekee yeye. Anasema hatokawia kuja." Alisikiliza tena. "Anasema sasa nimefika. Nisizurure tena. Nitulie hapo hapo nilipo."

Akaisogelea simu, akainama mpaka mdomo ukakaribia kioo cheusi ambacho hakikuwa kinapeleka kitu.

"Eny, neny," alisema. Ndiyo, mama.

Ngoma zikapanda, kaka akawa anatembea, kisha mawe yakasikika yanasogezwa, na simu ikakatika. Niliuliza, mwezi ujao ukipewa pasi yako, je? Alinawa uso kwenye sinki, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Nikenda watanitoa mule," alisema. "Na mamangu akija alale na nani?"

Akaonja uji kama bado una moto, akauchukua, akaenda kwa bibi. Niliwasikia kupitia ukutani, mmoja anasema fungua mdomo, mwingine analalamika amecheleweshwa. Bibi alikula akamaliza, akaomba aongezwe.